Uzi: Misingi ya karata unaijua, sasa mikono imekwama. Tuzungumze hatua ya kati

KiganjaTulivu (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale wanaofanya kiinimacho cha karata na wamefika pale nilipokwama mimi karibu miaka miwili. Unajua kuchanga bila kuipoteza karata ya juu. Unajua kumfanya mtu achague karata unayoitaka wewe. Una michezo mitano sita unayoonyesha nyumbani wageni wakija. Kisha unaingia kwenye mbinu ngumu zaidi na kila kitu kinaharibika. Mkono unakakamaa, na mtu anakuambia, "Hapo umefanya kitu." Hajui umefanya nini, lakini amekuona.

Ninaloliamini ni hili: usiongeze mbinu mpya kabla hujajua mkono wako hufanya nini usipodanganya.

Chukua dabo lifti, yaani kugeuza karata mbili zikaonekana moja. Wengi wetu tunaijifunza kwa kutazama mikono ya mtu kwenye video na kuiga mikono ile. Matokeo yake una namna moja ya kugeuza karata moja, na namna nyingine kabisa ya kugeuza mbili. Mtazamaji hahitaji kujua kiinimacho ili aone tofauti hiyo. Ameishi na mikono ya watu tangu azaliwe.

Egemeza simu kwenye kikombe, ujirekodi ukigeuza karata moja tu, ya juu, mara 50. Usifikirie chochote, geuza tu huku ukizungumza. Halafu tazama. Gumba liko wapi? Kidole gani kinagusa kwanza? Macho yako yanaifuata karata au yanatazama mbele? Mimi niligundua kwamba karata moja huishika kona ya kulia iliyo karibu nami, kwa gumba na ncha ya kidole cha kati, na huiachilia mapema ikajilaza yenyewe juu ya fungu. Nilipogeuza mbili nilikuwa nikizibana kwa vidole vitatu na kuzisindikiza mpaka chini, kama mgonjwa anayelazwa kitandani. Miezi minne yote niliitumia kuacha kuzisindikiza tu.

Jinsi ya kujipima: mwambie ukweli mtu wa nyumbani. Mweleze kwamba mara nyingine utageuza moja na mara nyingine mbili. Rusha sarafu kila mara ikuamulie, mgeuzie mara 20, naye aseme ni moja au mbili. Akipatia mara 15 au zaidi, bado. Akipatia kumi hivi, anabahatisha, na wewe umefika.

MtotoWaDonholm

Mwalimu, asante, nimekaa hapa. Swali: unatumia ipi? Ile ya kuhesabu mbili kwa kidole cha mwisho kwanza, au ya kuzichukua zote mbili kwa mpigo mmoja bila maandalizi? Mimi huhesabu, na watu wanakiangalia kidole changu. Dada yangu ananikamata kila siku.

KiganjaTulivu

Kuhesabu si kosa, ndugu. Naamini unahesabu kwa wakati mbaya. Ukihesabu sekunde moja kabla ya kugeuza, mtu yuko macho, anakusubiri. Hesabu mapema, pale anapocheka kwa mchezo uliopita, au anaporudisha kalamu mfukoni baada ya kutia sahihi. Ukishahesabu, ushikilie ufa wako, yaani mwanya mdogo chini ya hizo mbili, na uendelee na mazungumzo. Dakika nzima ikipita, hakuna atakayeunganisha kidole na karata.

Na huo ufa uangalie vizuri. Unashikiliwa na nyama kidogo tu ya ncha ya kidole cha mwisho, kwenye ukingo wa kulia upande wa nyuma. Si kucha, si kifundo. Mchana, simama dirishani na ulitazame fungu kwa nyuma: ukiona mwanga unapenya, ufa ni mkubwa mno. Gumba la kushoto likilala juu ya fungu na kulikandamiza polepole, mwanga unazimika na ufa unabaki. Hilo lilinichukua wiki nzima, na hata leo nikiwa na wasiwasi kidole hujipenyeza kupita kiasi.

Kwa wasioamini uzito wa mbinu hii: mwaka 1922 Dai Vernon, bingwa wa karata, alimwonyesha Houdini, mfanya viinimacho maarufu, mchezo wa karata inayopanda juu. Houdini alikuwa akijigamba kwamba mchezo wowote akioneshwa mara tatu ataukamata. Karata ikatiwa sahihi, ikazamishwa ndani ya fungu, ikarudi juu, tena na tena. Houdini hakuukamata. Leo mchezo huo tunaufanya kwa dabo lifti ileile inayomkamatisha MtotoWaDonholm kwa dada yake.

NyumaYaArchives

Nakubaliana na mengi lakini sio yote. Kwangu hatua ya kati ni paso. Bila paso wewe bado ni mwanafunzi. Karata inarudishwa katikati, unafunga fungu, nusu ya chini inapanda juu bila mtu kuona, kwisha. Kukatakata karata kila saa kunaonekana kama mtu anayetafuta kitu.

KiganjaTulivu

Kaka, paso naiheshimu na ninaifanyia mazoezi mpaka leo. Lakini nakuuliza kwa nia njema: umewahi kuifanya mbele ya watu wanne waliokuzunguka, mmoja akiwa kushoto kwako? Ikifanywa na mikono isiyokomaa, fungu linaruka kidogo na karata zinatoa sauti kama karatasi inayokunjwa. Unaweza kuifunika kwa kuinamisha mikono, lakini sasa una mkono unaoinama bila sababu. Tunarudi palepale nilipoanzia.

Kukata mara mbili ni kazi ya mwezi mmoja. Una ufa juu ya karata yake, unachukua karibu nusu ya zilizo chini ya ufa unaziweka juu, kisha unachukua zilizobaki chini hadi kwenye ufa, nazo unaziweka juu. Hapo karata yake iko… haya, jaribu mwenyewe uone imekaa wapi. Ni karata zinakatwa, na watu wamezoea kuona karata zikikatwa. Ukikata ukiwa unamtazama yeye usoni, hautafuti kitu.

DadaShupaza

Naomba niingie hapo kati yenu. Mimi hufanya sherehe za watoto na arusi mitaa ya Eastlands na South B, mwaka wa sita sasa. Paso nimeifanya kazini labda mara kumi. Kukata mara mbili, kila wikendi. Lakini inayonilisha kweli ni karata inayochungulia.

Unachanga kwa mkono kama unavyochanga siku zote. Karata yake ikiwa juu ya fungu la kushoto, unavuta karata moja tu na kuidondosha juu yake ikiwa imejitokeza nyuma, upande wako, kama nusu sentimita. Zilizobaki unazitupia juu ovyo ovyo. Ovyo ni muhimu, maana fungu lililochafuka linaificha ile inayochungulia, na fungu lililonyooka linaisaliti. Kisha gumba la kulia linaisukuma ndani, linafungua ufa, unachanga mpaka pale na kulitupa lile fungu la chini juu. Karata yake imerudi juu, na watu wameona mtu akichanga karata.

KiganjaTulivu amesema kujirekodi. Mimi nimerekodi mikono ya mamangu mzazi akichanga karata tukicheza kadi Krismasi, kwa sababu yeye hajui kiinimacho chochote. Kuna pale karata zinamtoka na anazikusanya bila haraka. Hiyo ndiyo niliyoiiga.

KiganjaTulivu

Dada, hili la mama ni somo kuliko lote nililoandika mimi. Wadau, lirudieni.

Gumba_Fupi

Mimi nina tatizo la maumbile. Mikono yangu ni midogo. Nikificha karata kiganjani kona inachungulia kati ya gumba na kidole cha shahada. Nimejaribu mwaka mzima. Kuna tumaini?

KiganjaTulivu

Lipo. Kwanza angalia saizi. Karata za kawaida za poka ni milimita 63 kwa 88. Za saizi ya briji zina upana wa milimita 57, urefu uleule. Hizo milimita sita kwa mkono mdogo ni tofauti kubwa. Halafu angalia unaishika kwa kutumia nini. Wengi huikamata kwa gumba, na gumba likisimama wima kila mtu anajua. Karata hushikwa kwa kona mbili za kukingama: ncha ya kidole cha mwisho huku mbele, nyama ya chini ya gumba huku nyuma. Mkono ujikunje kidogo kama unavyojikunja ukiwa umeketi bila kazi. Sasa lining'inize gumba. Likiwa huru, umeipata.

Na mkono unaoficha uupe kazi. Mimi nilijifunzia kwenye matatu. Kutoka Donholm hadi mjini, karata moja kiganjani, simu juu yake mkono uleule, na foleni ya Jogoo Road nikaishukuru kwa mara ya kwanza maishani. Makanga akidai nauli nilitoa noti kwa mkono huohuo. Mwezi wa kwanza karata ilianguka mara nyingi, watu wakaniokotea. Mwezi wa tatu nilishuka Muthurwa, nikavuka hadi kazini, nikakumbuka karata nilipotaka kunawa mikono.

Ukikata tamaa, msome René Lavand wa Argentina. Alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka tisa. Akajifunza yote kwa mkono wa kushoto pekee, na akasifika duniani kwa kufanya polepole. Polepole! Sisi wenye mikono miwili tunakimbia ili tusikamatwe.

Msomaji_Kimya

Naomba kuuliza kuhusu karata zenyewe. Nilinunua za plastiki mjini, zinateleza mno, hazikai. Na mwezi huu wa Julai hata zile za karatasi zimenishinda. Nikitaka mbili zinakuja tatu, au moja inabaki.

DadaShupaza

Za plastiki achana nazo kwa kazi hii. Ni nzuri kwa kucheza kadi kibarazani, zinaoshwa, lakini hazishikani. Tafuta za karatasi zenye mgongo wa vishimo vidogo, kama za chapa ya Bicycle. Vile vishimo vinashika hewa, karata zinateleza pamoja bila kukimbiana. Zikichakaa usizitupe, zitumie kwa mazoezi ya matatu kama ya ndugu hapo juu.

Julai tatizo si karata, ni ngozi. Baridi ya Nairobi inakausha vidole mpaka vinakuwa kama karatasi. Mimi hupaka gliserini kidogo sana usiku, na kabla ya kazi nashika kikombe cha chai moto dakika tano. Usipake mafuta saa ya kazi, karata zitagandana na utaziharibu.

Faru_wa_Hesabu

Mmesahau faro! Mnagawa fungu 26 kwa 26 na kuzisuka moja moja kwa kupokezana. Mkisuka sawasawa mara nane, ya juu ikibaki juu kila mara, karata zote 52 zinarudi kama zilivyokuwa mwanzo. Sio uchawi, ni hesabu.

Na kuna hili la mfanya kiinimacho Alex Elmsley wa Uingereza. Ukitaka karata ya juu ishuke iwe na karata 10 juu yake, andika 10 kwa mfumo wa mbili: 1010. Moja ni kusuka ndani, ya juu inakuwa ya pili. Sifuri ni kusuka nje, ya juu inabaki juu. Kwa hiyo ndani, nje, ndani, nje. Ifuateni kwa vidole: inakwenda na 1 juu yake, kisha 2, kisha 5, kisha 10. Nilipoiona mara ya kwanza sikulala.

KiganjaTulivu

Safi sana. Naongeza la vitendo tu: pakiti mpya husukika vizuri ukianzia upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu ya jinsi kingo zilivyokatwa kiwandani. Zikikataa kutoka juu, geuza fungu chali au anzia chini. Watu wengi wameacha faro wakidhani tatizo ni vidole vyao.

Msomaji_Kimya

Na vitabu? Video zinakimbia sana, na bando linaisha.

KiganjaTulivu

Kitabu cha S. W. Erdnase, kilichotolewa 1902, Chicago. Jina hilo ni la kujificha, na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyekiandika. Kimeshatoka kwenye hakimiliki huko Marekani, hivyo unakipata mtandaoni bure na kwa halali. Kiingereza chake ni kigumu, soma ukurasa mmoja kwa wiki ukiwa na karata mkononi. Michoro yake inazidi 100, na mchoro haukimbii.

NyumaYaArchives

Tuseme ukweli basi. Mbinu hizi si ndizo za wale wa pata potea? Tukiwafundisha vijana hapa, tunawafundisha nini?

KiganjaTulivu

Swali zito, na nitalijibu kwa yaliyonipata.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetumwa mjini kutoka kwetu Machakos na pesa za kununua sare. Nikashuka kwenye stendi ya mabasi ya nchi, na hatua chache mbele kulikuwa na boksi la katoni, karata tatu, mwanamume mwenye kofia. Karata moja ilikuwa nyekundu. Niliitazama kwa macho yangu ikiwekwa kushoto. Mama mmoja mbele yangu aliweka mia mbili, akashinda. Kijana mmoja akakunja kona ya ile nyekundu, yule mwenye kofia akiwa ametazama kando, akanikonyeza. Niliweka nusu ya pesa. Karata yenye kona iliyokunjwa ilikuwa nyeusi. Nikaweka nusu iliyobaki.

Nilirudi nyumbani bila sare. Baba hakunipiga. Aliniuliza nieleze nilivyoona, nikashindwa kueleza.

Miaka mitano baadaye ndipo nilipojua. Mkono unashika karata mbili, moja juu moja chini. Wewe unaamini inayotupwa ni ya chini, kwa sababu ndiyo unayoiona. Inatupwa ya juu. Mkono unaotupa ya juu na mkono unaotupa ya chini ni mkono uleule, haubadiliki hata kidogo. Kona ilinyooshwa na nyingine ikakunjwa katika tendo lilelile. Yule mama, yule kijana, wote walikuwa watu wake. Hata angecheza bila hila yoyote mkononi, nisingeondoka na pesa ile.

Kwa hiyo ndiyo, kaka, mbinu ni ndugu. Ninapowaonyesha vijana wa mtaani kwetu, Umoja, naanza na hizo karata tatu. Nawaonyesha polepole, chali, mara kumi, mpaka waone. Halafu sichezi nao kwa pesa, na anayetaka kucheza kwa pesa namwambia asirudi. Mpaka sasa mmoja ndiye niliyemfukuza, na bado linaniuma.

NyumaYaArchives

Nimekuelewa. Pole kwa hilo la sare.

Gumba_Fupi

Kuna lingine. Shosho yangu aliona karata ikipanda juu akaniambia nimeingiliwa na majini, akakataa kula nilichopika. Mnafanyaje?

DadaShupaza

Mimi huwa nasema mapema kabla sijagusa karata: hii ni mikono na mazoezi, hakuna kingine. Kwa wazee nafanya zaidi, namwachia azishike, azichange mwenyewe, azihesabu. Shosho wako usimfanyie mchezo wa kusoma mawazo. Rudi kwake, mfunulie mmoja mdogo, mwambie afanye kwa mkono wake. Bibi mmoja kule Kariobangi alijifunza karata inayochungulia, na sasa kila nikienda ananifanyia mimi.

MtotoWaDonholm

Narudi baada ya wiki saba. Nilijirekodi mara 50 kama ulivyosema. Niligundua nikigeuza karata moja huwa naipuliza kidogo kwa pua, yaani napumua nje. Nikigeuza mbili nilikuwa nashikilia pumzi. Mikono ilikuwa sawa kumbe, kifua ndicho kilichokuwa kinasema. Nimekaa wiki tatu nafanya mazoezi ya kupumua tu.

Jana nilimpima dada yangu kwa sarafu, mara 20. Alipatia 11. Mara ya kumi na nane niligeuza moja, karata moja ya kweli, akaapa kwamba ameziona mbili. Nikampa azishike. Alizisugua kwa vidole kuona kama zimegandana.

KiganjaTulivu

Hongera sana, ndugu. Sasa fanya ukiwa umesimama, bila meza. Jumamosi saa tisa nitakuwa Jeevanjee, kwenye benchi za upande wa Moi Avenue. Njoo na dada, na mje na karata zenu wenyewe.